Baridi Yabisi, Jiwe la Mizani na Afya ya Uzeeni

Mzee wa Manundu, mjini Korogwe, anapoamka alfajiri na magoti yakakataa kukunjuka, husema ameshikwa na baridi yabisi. Jina hilo hutamkwa kila siku majumbani na hospitalini, na ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Baridi inafahamika. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kavu. Kwa hiyo mgonjwa anayeutaja ugonjwa huo anazitaja, bila kujua, sifa mbili ambazo matabibu wa kale walizitumia kuueleza mwili wa mtu mzee: ubaridi na ukavu. Matabibu wa Kiyunani walisema hivyo. Waganga wa Kiarabu na wa Kiajemi waliopokea elimu yao wakasema hivyo. Na katika Bara Hindi, elimu ya tiba iitwayo Ayurveda ilifundisha jambo linalokaribiana sana na hilo.

Makala haya yanaeleza mafundisho ya Ayurveda juu ya siha ya uzeeni, mahali yanapokubaliana na elimu ya viumbe ya leo na mahali yanapoachana nayo. Yanaeleza pia kwa nini mizani ya mwili haiwezi kujulikana kwa kujisikia tu. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana wapo wazee wanaokufa kwa sababu walijisikia wazima.

Elimu iliyovuka bahari

Ayurveda ni neno la Kisanskriti lililoundwa kwa maneno mawili: ayus, yaani uhai, na veda, yaani elimu. Vitabu vyake vikubwa viwili, kile cha Charaka na kile cha Sushruta, vilikusanywa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Elimu hiyo iligawanywa katika matawi manane. Mojawapo, liitwalo rasayana, lilihusu kuutunza mwili ili uzee usiuvunje upesi. Yafaa ieleweke kwamba si mataifa mengi ya kale yaliyoifanya afya ya wazee kuwa fani inayojitegemea.

Elimu ya Wahindi haikubaki India. Katika karne ya 8 na ya 9 baadhi ya vitabu vyake vilifasiriwa mjini Baghdad, na mwaka 850 hivi tabibu Ali bin Sahl Rabban al-Tabari alitia katika kitabu chake kikubwa cha tiba sehemu nzima juu ya tiba ya Wahindi. Kwa njia ya vitabu vya Kiarabu, pamoja na kazi ya Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, fikra za moto na baridi, ukavu na majimaji, zilienea pande zote za Bahari ya Hindi. Pwani ya Afrika ya Mashariki ilizipokea, ikazitia katika lugha yake. Wanafunzi wa sekondari hulijua neno safura kama ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo. Asili yake ni jina la nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne ambayo matabibu wa zamani waliamini kwamba yakilingana mtu huwa mzima, na yakizidiana huwa mgonjwa.

Mimea nayo ilisafiri. Mwarobaini, ambao jina lake linadai kutibu maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Mlonge, ambao majani yake hukaushwa na kusagwa, hutoka chini ya milima ya Himalaya. Manjano na tangawizi zilitoka Asia; leo viungo hulimwa katika Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, na tangawizi katika milima ya Upare, wilayani Same. Reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, bidhaa za pwani zilipata njia ya haraka kuelekea bara. Kwa hiyo mkazi wa Manundu anayechanganya tangawizi katika chai yake anatumia kitu ambacho kimekuwa safarini kwa muda mrefu kuliko anavyodhani.

Uzee kama upepo

Kwa mujibu wa Ayurveda, mwili huendeshwa na nguvu tatu. Kapha ni ile ya majimaji na uzito; pitta ni ile ya joto na umeng'enyaji; vata ni ile ya upepo na mwendo. Afya ni kulingana kwa nguvu hizo. Kila rika hutawaliwa na mojawapo: utoto na kapha, utu uzima na pitta, uzee na vata. Sifa za vata ni ukavu, ubaridi, wepesi, ukwaruzi na kutotulia.

Hakuna chombo cha maabara kilichowahi kuiona vata, wala hakitarajiwi kuiona. Hata hivyo mtu akiyatazama mambo ambayo neno hilo lilikusanya, atakuta kwamba wazee wa kale wa India walikuwa wachunguzi hodari. Mwili wa kijana mwanamume una maji yapatayo asilimia 60 ya uzito wake. Uzeeni kiasi hicho hushuka kukaribia asilimia 50. Ngozi hutoa mafuta kidogo zaidi. Misuli hupungua, na mifupa huwa myepesi. Usingizi hukatikakatika, na mikono ya baadhi ya watu hutetemeka. Ukavu, wepesi, kutotulia: orodha ni ile ile.

Ushauri uliotokana na uchunguzi huo nao una maana. Mzee huambiwa ale chakula cha moto kilicholainishwa, apakwe mafuta ya ufuta mwilini, asikae na njaa muda mrefu, na afuate saa zile zile za kula, kulala na kuamka. Charaka alizitaja nguzo tatu za uhai: chakula, usingizi na kujizuia katika mambo ya unyumba. Kuhusu saa, sayansi imethibitisha kwamba ubongo una saa yake inayoongozwa na mwanga wa jua, na kwamba karibu kila chembe hai ya mwili ina saa ndogo inayoifuata ile kubwa. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Katika uzee saa hiyo hulegea. Mzee anayetoka barazani asubuhi na kuota jua, akala kwa wakati na kulala kwa wakati, huisaidia kushika mwendo wake.

Kuhusu ukavu, jaribio moja ni la kukumbukwa. Mwaka 1984 P. A. Phillips na wenzake walichapisha matokeo ya kuwanyima maji kwa saa 24 vijana wanaume na wazee wanaume waliokuwa na afya njema. Baadaye wote waliruhusiwa kunywa watakavyo. Wazee, ingawa miili yao ilikuwa imepungukiwa na maji kama ya vijana au zaidi, waliona kiu kidogo na wakanywa kidogo. Kiu, ambayo ni kengele ya mwili, ilikuwa imepoteza sauti. Korogwe iko bondeni, penye joto, na jua la Januari hadi Machi ni kali. Mzee anayekaa kutwa nzima bila kunywa maji huku akisema hana kiu hasemi uongo. Kengele yake haikulia. Yampasa anywe kwa saa, asingoje kiu, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya ugonjwa wa moyo au wa figo.

Mizani inayojirekebisha

Walimu wa elimu ya viumbe watakuwa wameliona jambo hili mapema: kulingana kwa nguvu za mwili kunafanana na somo la homeostasisi. Katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alifundisha kwamba kiumbe hai hulinda hali ya ndani ya mwili wake isibadilike ovyo hata hali ya nje ikibadilika. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon aliipa kazi hiyo jina la homeostasisi. Kitu kikizidi, mwili hukipunguza; kikipungua, hukiongeza. Joto, sukari ya damu, maji, chumvi na shinikizo la damu huongozwa kwa njia hiyo.

Mfano mzuri ni shinikizo la damu. Katika kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo kuna vipokezi vinavyohisi mshipa unavyotanuka. Mtu akisimama ghafula, damu huelekea miguuni, mishipa ya shingoni hulegea kidogo, na vipokezi hupeleka habari kwenye ubongo. Mara moja moyo huenda mbio na mishipa hubana, na damu huendelea kufika kichwani. Kwa kijana hayo hutimia kabla hajapiga hatua ya pili. Kwa mzee huchelewa. Ndiyo sababu mzee anayeinuka usiku wa manane kwenda choo kilicho uani huona kizunguzungu na pengine huanguka. Dawa ya jambo hilo haigharimu senti: aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ahesabu hadi sitini, ndipo asimame akiwa ameshika kitu.

Lakini kuna jambo ambalo Ayurveda haikulijua, wala Bernard hakulijua. Mizani ya mwili yaweza kulinda kiwango kisicho sahihi.

Sokoni kila mtu amepata kuiona mizani iliyotulia barabara, mkono wake ukiwa umenyooka, na bado ikapunja. Kutulia kwa mizani si ushahidi wa ukweli wake. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupita na mawe yake yenye uzito unaojulikana, na mizani ikipambanishwa na jiwe hilo, uongo hudhihirika. Vivyo hivyo shinikizo la damu likipanda na kukaa juu kwa majuma na miezi, vipokezi vya shingoni huizoea hali hiyo. Hujipanga upya. Shinikizo lililo juu sasa huhesabiwa na mwili kuwa ndilo la kawaida, na mwili hulitetea kwa bidii ile ile. Mtu hasikii kitu. Hana maumivu, wala kizunguzungu. Anajisikia amelingana, na kwa namna fulani amelingana kweli, isipokuwa jiwe lililotumika ni la uongo.

Chukuliwe mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 72 anayeishi na wajukuu wake Manundu. Kliniki ilimkuta na shinikizo la 170 kwa 98, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Hakuwa akiumwa kabla ya vidonge, wala hakusikia nafuu baada ya vidonge. Alichosikia ni kwenda haja ndogo mara nyingi zaidi. Ndugu akamletea unga wa mitishamba unaosemwa kuwa husawazisha mwili. Akanywa, akasikia joto zuri tumboni, akalala vizuri. Akaviacha vidonge. Mwezi wa kwanza alikuwa mzima, na wa pili pia, na jirani zake wakaanza kuuliza unga huo unapatikana wapi. Katika muda wote huo shinikizo lake lilikuwa limerudi pale pale, na mishipa midogo ya ubongo wake ilikuwa ikigongwa kwa kila pigo la moyo. Asubuhi moja kikombe kikamtoka mkononi, mdomo ukaenda upande, na maneno yakakataa kutoka.

Bibi huyo ni wa mfano tu, ila hali yake si ya kubuni. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee zaidi ya 2,000 wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Jiwe la mizani katika jambo hili ni kipimo cha kufunga mkononi. Kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi mara kadhaa, katika siku mbalimbali, mtu akiwa ameketi na kutulia, hilo ni shinikizo la juu, hata mwenyewe ajisikie vipi.

Mzizi uliopimwa

Isidhaniwe kwamba sayansi na mitishamba ni maadui. Shinikizo la damu lenyewe latoa ushahidi. Katika tiba za jadi za India, mzizi wa mmea uitwao kitaalamu Rauvolfia serpentina ulitumiwa tangu zamani kuwatuliza wenye wazimu na waliokosa usingizi. Mwaka 1931 Sen na Bose waliandika kwamba mzizi huo hushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo habari za wagonjwa wake aliowatibu nao, na dunia ikasikia. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, walitenga kemikali iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, wakaiita reserpini. Ikawa miongoni mwa dawa za kwanza zilizoweza kweli kulishusha shinikizo la damu.

Afrika imo katika habari hiyo. Mti wa jamii hiyo hiyo, Rauvolfia vomitoria, unaoota Afrika ya Magharibi na ya Kati, ulikuja kuwa chanzo kikubwa cha reserpini kwa viwanda vya Ulaya. Ndugu yake mwingine, Rauvolfia caffra, ndio msesewe, ambao gome lake Wachagga hulitia katika pombe ya mbege.

Ila habari haikuishia hapo. Reserpini ilipopewa watu wengi na kufuatiliwa, ilionekana kwamba baadhi yao walipatwa na huzuni nzito, na wazee hasa walilemewa na kizunguzungu na usingizi. Leo haitumiki sana, kwa kuwa dawa salama zaidi zimepatikana. Mganga mmoja mwenye wagonjwa ishirini asingeweza kuligundua hilo kwa urahisi, kwa sababu huzuni huwapata watu kwa sababu nyingi. Ilihitajika hesabu. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyokusudiwa Tanzania ilipoanzisha mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaweka utaratibu wa kuwasajili waganga na dawa zao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo cha kimataifa cha tiba asili huko Jamnagar, nchini India.

Unga usiojulikana

Kwa upande wa hatari, mambo mawili yanastahili kusemwa bila kuzungushwa.

La kwanza ni madini. Tawi moja la tiba ya Kihindi hutengeneza dawa kwa kuchoma na kusaga metali, zikiwamo zebaki na risasi, kwa imani kwamba moto huziondolea sumu. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizotengenezwa Asia ya Kusini na kuuzwa madukani katika eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 kati ya hizo zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Moja katika kila tano! Risasi haina rangi inayoonekana katika unga wala ladha inayoonya. Huingia katika mifupa ikakaa humo miaka mingi, na mifupa inapodhoofika uzeeni hutoka na kurudi katika damu. Zaidi ya hayo, hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, yaani hutenda kinyume cha kile ambacho mzee aliununulia unga. Tangawizi mbichi ya sokoni haina shida hiyo. Unga wa kopo lisilotaja mtengenezaji, yaliyomo wala namba ya usajili unaweza kuwa nayo.

La pili ni kuendesha tumbo. Ayurveda ina taratibu za kuusafisha mwili kwa kutapisha na kuharisha, na pwani nako haluli ilikuwa dawa ya kila nyumba. Kijana mwenye nguvu hustahimili. Mzee ambaye maji ya mwili wake ni machache na kiu yake imefifia anaweza kupoteza maji na potasiamu hadi moyo ukapiga ovyo. Vitabu vyenyewe vya Ayurveda vilionya kwamba wazee na wadhaifu wasifanyiwe hivyo kwa nguvu. Wauzaji wa leo mara nyingi huliruka onyo hilo.

Samli nayo ni mahali pa kutofautiana. Kwa Ayurveda samli ni tiba ya ukavu. Kwa daktari wa moyo ni mafuta yanayoganda, yenye kuongeza lehemu katika damu. Kijiko kidogo katika chakula si neno. Kikombe ni jambo jingine.

Ndani ya chungu

Mzee aliyepoteza meno huishia kwenye uji na chai ya rangi, na hapo ndipo misuli yake inapoyeyuka. Kundi la wataalamu lililoandika mwaka 2013 lilipendekeza wazee wapate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Bibi wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60, na uji mtupu haufiki huko hata akinywa kutwa. Chakula ambacho Wahindi humpa mzee na mgonjwa ni mchele na choroko zilizopikwa pamoja hadi zikavurugika, zikatiwa manjano na tangawizi. Kiini cha ubora wake ni kwamba protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, na protini ya kunde ina upungufu wa methionini. Zikiliwa pamoja, kila moja huijazia nyingine. Makande hufanya kazi hiyo hiyo. Shida ya makande ni ugumu, na hapo mpishi hufikia magadi.

Magadi hulainisha kweli, lakini yana gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba hali ya alkali pamoja na moto huiharibu vitamini B1. Ya pili ni sodiamu. Magadi halisi yana fomula Na₃H(CO₃)₂·2H₂O. Mwanafunzi akijumlisha atapata uzito wa molekuli 226, ambao ndani yake sodiamu ni 69, yaani asilimia 30.5. Chumvi ya mezani, NaCl, ina asilimia 39. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 2 hivi za sodiamu. Gramu 5 za magadi katika chungu zinaongeza gramu 1.5 za sodiamu. Chungu kikiliwa na watu watano, fungu la bibi ni gramu 0.3. Si nyingi, lakini juu yake kuna chumvi ya mboga, ya dagaa na ya mkate, na magadi hayahesabiwi na mtu yeyote kwa sababu hayana ladha ya chumvi. Kuyaloweka mahindi na maharage usiku kucha, kumwaga maji yale na kupika polepole huleta ulaini ule ule, ingawa kuni zitatumika zaidi, na hilo nalo ni gharama.

Kusimama kwa mguu mmoja

Imebaki mizani ya namna nyingine, ile ya kusimama bila kuanguka. Huendeshwa na macho, na viungo vya sikio la ndani, na neva za nyayo na magoti, vyote vikipeleka habari ubongoni. Uzee hupunguza vyote vitatu. Mazoezi huirudisha sehemu ya kilichopotea. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Mazoezi ya yoga, tai-chi ya Wachina, au kuinuka kitini mara kumi bila kusaidiwa na mikono, yote yanafaa. Mzee anayelima bustani yake na kupanda kilima kwenda sokoni ameshafanya zaidi ya nusu ya kazi.

Darasani mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi mbili. Kwanza, kila mmoja asimame kwa mguu mmoja, macho wazi, mwenzake akipima sekunde. Kisha arudie akiwa amefumba macho. Tofauti ya namba hizo itaonyesha kazi ya macho katika kumsimamisha mtu. Jaribio hilo lisifanywe na wazee nyumbani kwa macho yaliyofumbwa. Pili, mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika moja akiwa ameketi, apande na kushuka ngazi kwa dakika moja, kisha ahesabu tena kila baada ya dakika moja hadi mapigo yarudi yalipoanzia. Grafu itakayochorwa ni picha ya homeostasisi ikifanya kazi.

Anayeishi na babu au bibi anaweza kuongeza kazi ya tatu. Achukue daftari, apige mistari minne: tarehe, kipimo cha shinikizo kilichopatikana kliniki, dawa za hospitali zilizomezwa, na mitishamba iliyonywewa, hata kama ni mlonge au mwarobaini tu. Mstari wa nne ndio ambao wazee huuficha kwa kuogopa kukaripiwa, na ndio anaouhitaji daktari zaidi. Vidonge vya manjano au tangawizi vyenye nguvu vyaweza kuzidisha kutoka damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na unga wa mlonge, pamoja na vidonge vya kisukari, waweza kuishusha sukari kupita kiasi. Daftari hilo lipelekwe kliniki pamoja na makopo yenyewe, yakiwa na kilichobaki ndani.